Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: Mwenge umesomewa taarifa, sisi tutasomewa lini?

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya yetu.

Kupitia kwa Mtendaji wa Kata (safari hii sijapitia kwake, nitaeleza kwanini).

YAH: MKUTANO MKUU WA KIJIJI KUTOITISHWA KWA MIEZI 14 NA TAARIFA YA MAPATO NA MATUMIZI KUTOSOMWA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza nakusalimu na nakupa pole na majukumu, najua mezani kwako kuna mafaili ya vijiji vingi na kila mmoja anataka lake liwe juu. Mi ni mkulima wa mahindi na alizeti, nimezaliwa hapa hapa kijijini, nimesoma mpaka kidato cha nne, sina cheo chochote na sijawahi kugombea hata ubalozi wa nyumba kumi. Jina la kijiji silitaji humu maana sitaki watu wa mbali waanze kutuchambua, ila wewe unakijua, barua zangu mbili mnazo na kopi zangu zimegongwa muhuri wa masjala yenu, moja ya Agosti na nyingine ya Novemba. Hazijajibiwa mpaka leo. Ya tatu ndo hii naiandika hadharani.

Nianze na siku Mwenge wa Uhuru, ule unaokimbizwa nchi nzima kila mwaka na kupita kwenye miradi, ulipopita kwetu mwaka jana. Tuliamshwa alfajiri kufagia barabara, watoto wa shule wakapangwa kushoto na kulia, kina mama wakapika, vumbi likamwagiwa maji ambayo kwa kawaida tunayafuata kilomita tatu, na mimi nikiwa mmoja wa waliobeba mawe ya msingi wa darasa jipya la shule yetu nikasimama nyuma kidogo kwenye kivuli. Ofisa akapanda jukwaani akasoma taarifa ya mradi kwa kiongozi wa mbio. Akasoma vizuri sana, sina ubishi, sauti imepangwa na karatasi imepigwa chapa. Akasema nguvu za wananchi ni milioni 6, akataja na mchango wa halmashauri na wa serikali kuu, akataja na asilimia za utekelezaji. Sasa hizo nguvu za wananchi ndo sisi, Ndugu Mkurugenzi. Na ile ndo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sisi tumechanga kiasi gani.

Nikaiandika hiyo namba kiganjani kwa peni ya mtoto wa shule, jioni nikakaa na jirani tukapiga hesabu. Kijiji tuna kaya kama 640, kila kaya iliambiwa 15,000, hiyo ni milioni 9 na laki 6. Iliyosomwa ni 6. Sisemi mtu ameiba, naomba hapo nieleweke, inawezekana kabisa kaya 240 hazikulipa na hesabu ikakaa sawasawa kama ilivyosomwa. Lakini mbona hatujaambiwa ambao hawakulipa ni wangapi wala kwanini, na wengine tumeshuhudia mgambo wakipita nyumba kwa nyumba? Mgeni aliyekaa kwetu nusu saa na kuondoka amesomewa, sisi tutakaokaa na lile jengo mpaka tuzikwe hatujasomewa. Hilo ndo linaloniuma na barua nzima ni ya hilo, mengine yote hapa chini ni matawi yake.

Njia za kawaida nimezipita zote. Nilianza kwa mwenyekiti akasema mtaitwa tu. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji akasema anasubiri maelekezo. Nikaenda kata, pale nikaambiwa hilo suala ni la kijiji, rudi kijijini. Nikarudi kijijini nikaambiwa hilo limeshafika kata. Ndo nikapanda bodaboda mpaka makao makuu ya wilaya kuleta barua kwa mkono wangu, mara mbili, nauli juu yangu, na nilipopiga simu kuulizia nikajibiwa barua iko mezani. Iko mezani mpaka leo nadhani.

Hoja zangu ni hizi.

1. Mkutano mkuu hauitishwi.

Tulipanga foleni tarehe 27 Novemba 2024 kuchagua viongozi wa kijiji na vitongoji. Januari 2025 tukaitwa mara moja, viongozi wapya wakatambulishwa, wakapigiwa makofi, tukatawanyika. Toka hapo kimya. Utaratibu unajulikana, mkutano mkuu wa kijiji ni kila baada ya miezi mitatu, na wajumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, awe amesoma au hajasoma, awe ana shamba au anapanga chumba. Yani bibi yangu asiyeona vizuri ni mjumbe sawasawa na mwenyekiti. Kwahiyo mikutano minne imeruka na hakuna aliyesema samahani.

Watu wanafikiri mkutano wa kijiji ni kupoteza muda, ni makelele ya walevi na wazee wenye kesi za mipaka ya mashamba. Ni kweli makelele yapo. Ila katiba yetu kwenye ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwepo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na madaraka ya mwananchi wa kijijini kiukweli hayana mahali pengine pa kukaa zaidi ya pale chini ya mwembe. Mbunge yuko Dodoma, diwani yuko kwenye baraza lenu, mimi nina siku nne tu kwa mwaka za kunyoosha mkono nikauliza swali na mtu akalazimika kunijibu mbele za watu. Mkishaziondoa hizo nne nimebaki mpiga kura wa kila baada ya miaka mitano.

Kuna mzee mmoja hapa kwetu, alikuwepo vijiji vilipoanza kuandikishwa kwa ile sheria ya 1975, anasema enzi zao kengele ya shule ikigongwa jioni kila mtu anajua ni mkutano, na asiyekuja anaulizwa. Hakuwa anasifia kila kitu cha wakati ule, maana hapo hapo anasimulia walivyohamishwa kwa nguvu na nyumba zao kubomolewa. Anachosema ni kwamba hata wakati ule wa amri, mkutano ulikuwepo.

Halafu kuna hili la habari. Tuna grupu la WhatsApp la kijiji wameanzisha vijana. Humo utakuta misiba, ng'ombe aliyepotea, klipu za Bunge, na ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka watu wanabishana mabilioni usiku kucha. Ukiuliza kisima chetu kilitengenezwa kwa shilingi ngapi grupu zima linanyamaza. Tunajua ya Dodoma kuliko ya ofisi ya kijiji iliyopo hapo nyuma ya mashine ya kusaga. Na yale machache ya kwetu tunayoyajua tumeyasikia redioni, mkuu fulani akiwa ziarani anasomewa taarifa ya kijiji chetu na mwandishi anaitangaza, sisi tunasikilizia shambani kama habari za nchi jirani.

2. Michango ya darasa.

Hapa nitakaa kidogo. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 na ni jambo jema, nina watoto wawili wamefaidika, sikatai. Tukaambiwa michango ya lazima basi. Lakini madarasa hayatoshi, kila mtu anaona watoto walivyobanana, kwahiyo wananchi tunajenga boma mpaka kwenye lenta halafu serikali inapaua. Huo utaratibu siulaumu, darasa ni la watoto wetu na mawe ni ya mlima wetu. Ninacholaumu ni namna.

Mchango ulitangazwa na nani? Hakuna mkutano uliokaa ukakubaliana 15,000. Mabalozi walipita tu wanasema imeamuliwa. Imeamuliwa na nani, wanasema juu. Juu wapi? Hakuna anayejua, sisi wote tunaangalia juu tunaona mawingu. Mchango wa hiari ni ule watu wamekaa wakakubaliana wenyewe, wakasema kaya za wazee zisamehewe, wajane watoe maji badala ya hela, wenye matrekta wabebe mchanga. Ukitangazwa kwa mabalozi halafu ukafuatwa na mgambo, huo ni kodi, na kodi ina sheria yake.

Mgambo sasa. Kuna mama mmoja hapa jirani, mumewe amefariki, alikuwa hana hiyo elfu kumi na tano, walichukua ndoo mbili na jembe. Jembe, msimu wa kupalilia! Nilienda kuulizia ofisini nikaoneshwa kaunta buku, jina lake limeandikwa "ndoo 2 jembe 1", hakuna thamani, hakuna sahihi yake, hakuna risiti. Nikauliza jembe linaingiaje kwenye nguvu za wananchi zilizosomwa kwa Mwenge, limehesabiwa shilingi ngapi? Mtendaji akacheka, na mimi nikacheka maana ungefanyaje, ila njiani nikirudi sikuwa nacheka. Jembe lilirudishwa wiki tatu baadaye, ndoo moja haijarudi.

Mjini huko mnatumia kontroli namba, hata kibanda cha kuuza vocha kinalipa ushuru kwa simu na meseji inarudi hapo hapo. Kwetu hela inapokelewa mkononi, inaandikwa kwenye kaunta buku, na hilo kaunta buku linakaa nyumbani kwa mtu. Juzi tumeambiwa limelowa na mvua.

3. Eneo la malisho.

Mwezi Januari wachungaji walikuta vigingi vimechimbiwa kwenye eneo la malisho upande wa korongoni. Vigingi vya zege vyenye namba. Hakuna aliyetangaza. Tulipouliza wa kwanza akasema ni mwekezaji, wa pili akasema ni upimaji wa kawaida, wa tatu akasema niache kufuatilia mambo makubwa.

Mambo makubwa ndo haya haya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi kwenye kifungu cha 8: halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na haitagawa ardhi bila kwanza kupata kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Kibali kinatangulia, kigingi kinafuata. Sasa kama mkutano haujakaa miezi 14, hicho kibali kimetolewa na nani na muhtasari wake uko wapi? Kama upo tuoneshwe, na tuoneshwe na karatasi ya mahudhurio maana tunafahamiana sahihi zetu hapa, kijiji kidogo hiki. Isije ikawa ile karatasi tuliyosaini Januari 2025 ya kutambulishana viongozi imekuwa ya kugawa malisho. Sisemi imekuwa, nasema tu tuliisaini, na juu ilikuwa haijaandikwa kichwa.

Wala sipingi mwekezaji. Vijana hapa hawana kazi, mtu akija na mradi wa kweli tutamsikiliza, pengine tutampa hata zaidi ya alichoomba. Lakini atuombe sisi. Ukishapewa ardhi ya watu gizani utakaa nayo na mlinzi na mbwa maisha yako yote, na sisi ng'ombe wetu watapita tu usiku, halafu mtakuja kuita mgogoro wa wakulima na wafugaji wakati kumbe ulikuwa mgogoro wa karatasi.

4. Ushuru wa mazao na kile kinachotakiwa kurudi.

Kwenye kizuizi cha mazao barabarani tunalipa. Tangu bajeti ya 2017/18 ushuru ulishushwa kutoka asilimia 5, mazao ya biashara ukawa 3 na ya chakula 2, na ukaondolewa kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Vijana wa kizuizini wengine bado wanajifanya hawajaisikia hiyo ya tani moja ila hilo nitaliandikia siku nyingine. Hoja yangu hapa ni kwamba vijiji tulitakiwa kurejeshewa asilimia 20, na CAG ameshaandika zaidi ya mara moja kuhusu halmashauri ambazo hazirejeshi. Sisi tumerejeshewa? Kama mlileta, ililetwa lini na ilifanya nini? Kama hamjaleta, mtuambie tu, tutaelewa kwanini kijiji kinaenda kuchukua majembe ya wajane.

5. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Hii fupi. Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ipo kisheria. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarudi kwa utaratibu mpya mwaka wa fedha 2024/25. Wanawake wa hapa waliunda kikundi cha kufuga kuku na kukamua alizeti, tangazo likabandikwa kwenu makao makuu, huku likafika kwa picha ya WhatsApp iliyofifia siku mbili baada ya tarehe ya mwisho. Tangazo la watu wa vijijini linabandikwa mjini, sasa hapo nani alikuwa analengwa?

6. Ile Fursa na Vikwazo, mpango wa wanakijiji kujipangia maendeleo.

Walikuja wataalamu wenu miaka hiyo na makaratasi makubwa ya ukutani, tukakaa siku nzima tunaorodhesha vipaumbele. Tuliweka maji namba moja. Makaratasi wakayakunja wakaondoka nayo. Naomba tu yarudi hata kama hayatekelezwi, tuone mwandiko wetu.

Sasa Ndugu Mkurugenzi, najua majibu yatakayokuja maana nimeshayasikia yote mdomoni, bora niyamalize hapa hapa tusipotezeane muda.

Mtasema akidi haitimii, wananchi hawaji mikutanoni. Sio kweli. Likitangazwa jina la TASAF (ule mfuko wa kusaidia kaya maskini) au mbolea ya ruzuku watu wanajaa mpaka wanakaa juu ya ukuta. Watu hawaji kwenye mkutano ambao kila siku ajenda ni maelekezo kutoka juu na mengineyo. Andika kwenye tangazo "kusomwa mapato na matumizi pamoja na suala la malisho", libandike siku saba kabla, muuone umati. Na isitoshe akidi haitimii ni neno la mkutano ulioitishwa, wetu haujaitishwa.

Mtasema 2025 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, mikutano ingeingiza siasa. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 ulikuwa wa rais, wabunge na madiwani. Mwenyekiti wetu wa kijiji alishachaguliwa mwaka mmoja kabla, hakuwa anagombea kitu, alikuwa na kazi yake aliyopewa Novemba 2024 na mshahara wa heshima yetu.

Mtasema mtendaji ni mmoja anakaimu vijiji viwili. Hii naikubali, ni kweli na namuonea huruma, kijana wa watu pikipiki hana na mafuta hapewi. Lakini huyo huyo alipata muda wa kuandaa taarifa ya Mwenge ikapigwa chapa, ikawekwa kwenye faili lenye utepe. Angetoa kopi moja zaidi ile ile akatusomea sisi Jumamosi, wala hatudai utepe.

Mtasema shajala hakuna. Rimu ya karatasi tutanunua. Nimeshaongea na watu watano tayari tutanunua, na kalamu, na gundi ya kubandikia.

Kuna na lile la kwamba taarifa za fedha ni nyaraka za ofisi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua yangu ya Agosti ilikuwa ni ombi la namna hiyo na niliitaja sheria kwa jina lake, kwahiyo siku 30 zimepita mara nyingi tu. Na hata bila sheria, hela niliyotoa mimi mfukoni inakuaje siri kwangu?

La mwisho mtasema huyu katumwa, huyu ni mpinzani. Hapa sina cha kujibu. Aliyenituma ni yule mama wa ndoo, na yeye hata kadi ya chama hana, ya kliniki tu.

Ninachoomba hakihitaji bajeti wala kikao cha bodi.

Naomba uelekeze kwa maandishi mkutano mkuu wa kijiji uitishwe ndani ya siku 30 kuanzia leo, tangazo libandikwe siku saba kabla kwenye ofisi, mashine ya kusaga, msikitini na kanisani, na uletwe mtu wa idara yako ya maendeleo ya jamii aje akae asikilize, asihutubie. Kwenye mkutano huo isomwe taarifa ya robo zote nne zilizopita, mstari kwa mstari, pamoja na ile asilimia 20, na ibaki imebandikwa ukutani sio irudi na faili.

Naomba kazi yoyote kwenye eneo la malisho isimame mpaka siku hiyo. Vigingi sitaki ving'olewe, vijana walishataka kuving'oa tukawazuia wazee na mimi, na kila wiki inavyopita wanazidi kupunguza kutusikiliza, hilo nalisema kwa nia njema kabisa ulijue mapema.

Naomba mgambo wasiingie nyumba ya mtu kwa ajili ya mchango ambao haukupitishwa na mkutano, na kila aliyetoa hela apewe risiti hata kama ni ya kuandikwa kwa mkono. Na ile ndoo moja irudi. Najua ni kitu kidogo kumuandikia Mkurugenzi habari ya ndoo, ila mwenyewe anaiulizia kila nikipita.

Na naomba nijibiwe. Hata kama jibu ni hapana, liwe na muhuri kama wa kwangu. Ukiona uvivu kunitumia mimi, libandike tu kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, nafasi ipo kubwa, sasa hivi pale kuna karatasi moja tu ya chanjo ya mbuzi ya mwaka juzi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima, mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji.
(Jina, namba ya simu na sahihi vipo kwenye barua zangu za Agosti na Novemba.)

Nakala:
Mkuu wa Wilaya
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu
Mtendaji wa Kata
Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji
Wajumbe wote wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, yani wewe unayesoma ukiwa na miaka 18 na unakaa hapa